K ya knife na b ya debt zilitoka wapi?

Swali: Nafundisha Kiingereza darasa la sita. Wanafunzi wanauliza kwa nini knife ina k isiyotamkwa na debt ina b isiyosikika. Niwajibu nini zaidi ya "karirini tu"?

Jibu: Mwalimu, usizieleze herufi hizo mbili kwa sababu moja, maana asili zake ni tofauti kabisa.

K ya knife, knee na know ilitamkwa kweli katika Kiingereza cha Kale. Wajerumani wanaitamka mpaka leo: goti kwao ni Knie, na k inasikika. Waingereza waliiacha karne ya 17, wakati tahajia ilikwisha kukaa vitabuni. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa vitabu Uingereza, alianza kuchapa Westminster, London, mwaka 1476. Gh ya night nayo ilikuwa sauti halisi ya mkwaruzo, ndugu ya kh ya Khamis.

B ya debt ni ya kupachikwa. Neno liliingia kutoka Kifaransa likiwa dette, kisha wasomi wakatia b ili lifanane na debitum la Kilatini. Ndivyo ilivyokuwa kwa doubt. Island iliharibiwa zaidi: ni neno la Kiingereza chenyewe, likiandikwa iland, ila s ikaingizwa kwa kudhaniwa kuwa limetokana na isle, neno lililotoka Kifaransa.

Darasani, kosa la kawaida ni "kinaifu", kwa kuwa ulimi wetu hutafuta irabu kati ya k na n. Waambie wazibe k kwa kidole, waanzie kwenye n. Light, night, right, fight na might zifundishe pamoja, kwani zote huishia na sauti moja. Kwa -ough usitoe kanuni: tough na cough huishia na f, though na through hazina f, kwa hiyo kila neno lifundishwe peke yake. Angalia pia debit: hilo b yake hutamkwa, na aliyezoea kuimeza kwenye debt huikosea.

Kuhusu irabu, mpe mwanafunzi neno name alisome kama la Kiswahili: na-me, a ikivutwa. Karibu hivyo ndivyo lilivyotamkwa London mnamo 1400. Halafu time: ti-me, i ikivutwa. Baada ya hapo irabu ndefu za Kiingereza zilihama kwa takriban miaka 300, na herufi zikabaki zilipokuwa.