Kidonge cha usingizi si ganzi

SWALI: Shikamoo daktari. Gego langu la chini limeoza, nimeambiwa ling'olewe. Nikiwa darasa la tano niling'olewa jino ganzi haijashika, na tangu siku hiyo nikisikia tu harufu ya chumba cha meno natetemeka. Shoga yangu anasema nimeze Valium mbili kabla ya kutoka nyumbani, sitasikia kitu. Au niombe nusu kaputi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Shoga yako msalimie, ila hivyo vidonge asikununulie. Ushauri huu naukuta kila wiki, na umenichosha.

Valium, yaani diazepamu, inapunguza wasiwasi na kuleta usingizi. Maumivu haiyagusi. Jino likivutwa bila ganzi, aliyeimeza anaumia vilevile, tofauti ni kwamba ulimi mzito hauwezi kusema "ngoja". Ndiyo maana hata mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa ya mshipani bado tunamchoma sindano ya ganzi. Wewe darasa la tano hukukosa usingizi, mama, ulikosa ganzi.

Na mara nyingi kosa hilo ni letu. Gego la chini huchomwa nyuma kabisa ya taya, na dawa inaweza kuchukua hata dakika kumi kushika. Foleni ikiwa ndefu, dakika kumi hizo hazisubiriwi. Kukiwa na usaha napo, nyama ya pale inakuwa na asidi na ganzi inagoma, kwa hiyo huenda ukahitaji kutibiwa maambukizi kwanza. Usikubali koleo liingie kabla nusu ya mdomo wa chini, upande wa jino, haijafa ganzi na kuwa nzito kama umeumwa na nyuki. Utasikia kusukumwa, ukisikia kuumia, inua mkono, uongezewe dawa.

Hofu ikikuzidi hata hivyo, ipo gesi ya kucheka, nitrasi oksaidi. Unaivuta kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni, unalegea huku uko macho, na ikifungwa inaisha mwilini kwa dakika chache. Si kila kliniki inayo, na mwenye mafua haimfai. Midazolamu, ndugu ya Valium inayochomwa mshipani, ina nguvu zaidi: inaingizwa kidogo kidogo huku unaangaliwa, na unarudi nyumbani na mtu wa kukushika mkono. Nusu kaputi kwa gego moja la mtu mzima mwenye afya, hapana.

Kidonge nacho kina mahali pake, kikiandikwa na daktari anayejua uzito wako, dawa nyingine unazotumia na kama una mimba. Tatizo ni cha kumeza kimyakimya. Kaka mmoja alikaa kitini kwangu akichekacheka. Alipofungua mdomo, harufu ya bia ikanipokea. Nilipombana akakiri: vidonge vinne, na bia mbili za kushushia. Pombe na diazepamu zote zinapunguza kasi ya kupumua. Nikaweka koleo chini, nikambana kipimo cha oksijeni kidoleni: 89, wakati mtu mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Muda si muda alikuwa anakoroma. Tulishinda naye kwenye oksijeni hadi jioni, na jino likabaki palepale.

Siku hizi kuna na hawa wa vyumba vya uchochoroni wanaojitangaza kung'oa meno "ukiwa usingizini". Daktari mmoja, kiti kimoja, mtungi wa oksijeni hakuna, na sindano ya flumazenili, inayozimua Valium na midazolamu, hata jina lake hawalijui. Ukifika mahali pa namna hiyo, uliza swali moja: wakati wewe uko mdomoni mwangu, nani anaangalia pumzi yangu? Ukijibiwa "usijali, tumezoea", chukua mkoba wako uondoke.