Nyanya zilizopasuka ndizo zilizonifundisha kusoma mvua

Mleta mada, umesema unaishi ghorofani, huna hata kopo la maua dirishani, na kutwa nzima uko mbele ya kompyuta. Umesikia kwamba kupika kwa mazao mabichi ya soko la wakulima kunamrudisha mtu karibu na maumbile, ukauliza kama ni kweli au ni watu wanajifariji tu, na kama ni kweli, uanzie wapi. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi, maana mwanzoni nilikosea karibu kila kitu.

Siku ya kwanza nilikwenda na orodha. Nilikuwa nimeshaamua wiki nzima nitapika nini, kwa hiyo nikapita meza hadi meza natafuta vilivyoandikwa, nisivyovikuta nikavinunia. Nikarudi na mifuko minne, nikasukumia kila kitu kwenye friji, nikajisifu. Siku ya tano mboga za majani zilikuwa zimegeuka uji chini ya droo, na nyanya zilikuwa baridi, za ungaunga, hazina harufu. Nilichokifanya kilikuwa manunuzi yaleyale ya kila siku, tofauti nilibeba mizigo mingi zaidi.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja nilipokuta meza nzima ya nyanya zimepasuka. Mipasuko ilizunguka kikonyo kama mistari ya kucha, mingine imeshaanza kukauka. Nikamwambia muuzaji, mama mmoja mtu mzima anayelima mwenyewe, kwamba leo mzigo umeharibika. Akanitazama, akauliza, "Kwani juzi usiku hukusikia mvua?"

Niliisikia. Niliamka nikafunga dirisha, nikarudi kulala.

Akanieleza huku anampimia mteja mwingine. Shamba lilikuwa limekaa wiki kadhaa bila maji ya kutosha, ngozi ya nyanya ikakakamaa. Mvua ilipomwagika kwa pupa, mizizi ikanywa usiku kucha, tunda likavimba haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Ikapasuka. Nyanya ya hivyo haikai, ila kwa kupika siku hiyohiyo haina tatizo lolote. Nikachukua za kutosha sufuria moja. Jioni nikazikata, nikaona jinsi kila ufa ulivyoingia ndani kidogo tu na kuishia kwenye nyama nyekundu, nikaziweka kwenye moto mdogo na kitunguu na chumvi. Zilikuwa na majimaji mengi kuliko kawaida, zikanichukua karibu saa nzima kuzikausha. Nikawa nimesimama pale na mwiko, naivukiza ile mvua niliyoifungia dirisha. Hapo ndipo nilipoelewa watu wanamaanisha nini, na wala sikuhitaji kwenda msituni kukumbatia mti.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni kweli, lakini kupika peke yake hakutoshi. Ukinunua zao zuri, nyoofu, ukalipika vizuri, umekula vizuri, basi. Maumbile utayaona kwenye kasoro. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza kasoro, na kila moja ina habari yake. Tango lililojikunja, nene upande mmoja na jembamba mwingine, mara nyingi ni ua ambalo nyuki hawakulitembelea vya kutosha. Tango chungu kwenye kikonyo huenda lilikaa na kiu. Saladi chungu ilipigwa na joto, mmea ukaanza kujiandaa kutoa maua. Nyanya yenye doa jeusi lililodidimia kitakoni nilidhani ina ugonjwa wa kuambukiza, nikazikwepa miezi. Kumbe ni maji yasiyo na mpangilio: leo mengi, kesho hakuna, madini ya chokaa yakashindwa kufika mwisho wa tunda. Unakata sehemu ile, unapika iliyobaki. Na majani yenye matundu, kuna aliyekula kabla yako. Osha kwa maji mengi, umtafute.

Lakini ukitaka kitu kimoja cha kuanzia, anza na hindi bichi. Limenye taratibu, usiling'oe maganda kwa mkupuo. Ukifika kwenye zile nywele, shika mmoja ufuate unakoelekea. Kila unywele unakwenda kwenye punje moja. Chavua, ule unga wa maua, inatoka juu kwenye mbelewele, yaani ua la kileleni mwa mmea, inaletwa na upepo, inatua kwenye unywele, ndipo punje inajaa. Kwa hiyo ukikuta gunzi lina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba, kila pengo ni unywele ambao haukupata chavua, pengine kwa sababu jua na ukame viliwahi wakati wa kuchanua. Mimi nilikuwa nimekula mahindi maisha yangu yote, sikuwahi kulijua hili. Siku niliyoelezwa nilimaliza robo saa nafuata nywele juu ya kaunta, maji yanachemka hadi yakapungua sufuriani. Halafu lipike siku hiyohiyo. Hindi likishavunwa sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto linaharakisha. La leo na la siku tatu ni vitu viwili tofauti mdomoni.

Hilo la kuendelea kubadilika ndilo lililonitibu ugonjwa wa kusukumia kila kitu kwenye friji. Zao likivunwa halijafa, bado linapumua. Nyanya inaendelea kuiva ikiwa juu ya meza, lakini baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inaua harufu yake, ndiyo maana zangu zile zilikuwa kama karatasi. Karoti ikija na majani yake, yakate ukifika tu, yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Viazi vinataka giza. Mwanga unavifanya kuwa kijani na kutengeneza sumu. Mboga za majani zikinyauka njiani, zitumbukize kwenye maji baridi nusu saa uone zinavyosimama tena. Usioshe kitu kabla ya kukihifadhi, udongo kidogo hauna ubaya, unyevu ndio unaoozesha. Na ukinunua maharage mekundu, hata yakiwa mabichi kutoka kwenye maganda, yachemshe kwelikweli, moto mkali, si chini ya dakika 10, usiyaachie moto wa kunong'ona peke yake. Yakiwa nusu mabichi yanaumiza tumbo vibaya.

Mdau mmoja hapo juu kasema bila mazao yasiyo na dawa huwezi kupata kitu. Mimi simuungi mkono. Sikatai kwamba ni jambo la maana, ila kibao mezani hakijaniambia chochote kuhusu shamba. Swali ndilo linaloniambia. Nauliza, "Hizi umevuna lini?" Mkulima atakujibu kwa habari: tulivuna jana jioni, asubuhi palikuwa na umande mwingi, zile za bondeni bado. Mchuuzi atakwambia "freshi kabisa bosi" na kukufungulia mfuko. Sina ugomvi na wachuuzi, wanatafuta riziki kama mimi. Lakini habari ya shamba hawana, na wewe umefuata habari.

Kuhusu namna ya kufanya, ni fupi. Nenda bila orodha. Zunguka mara moja mkono mtupu, uone ni kitu gani kimejaa kwenye kila meza. Hicho ndicho msimu wake. Nunua kidogo kuliko unavyotamani. Majani uyapike siku mbili za mwanzo, mizizi ikusubiri. Pika kirahisi, maana viungo vingi vinafunika hicho ulichokwenda kukitafuta. Hili la mwisho limenigharimu, mimi ni mtu wa viungo.

Sijawa mkulima. Funza akitokea kwenye hindi bado napiga kelele, mwenye nyumba yangu shahidi. Lakini sasa mvua ikinyesha usiku nafunga dirisha halafu nakaa macho kidogo, nawaza nyanya za yule mama.

Wiki hii meza yake haina nyanya kabisa. Mche wa zamani umekwisha, mpya ndio kwanza umetoa maua, amesema tuhesabu mwezi na zaidi. Nimeshapika karoti mara nne.