"Unless" ikikusumbua, anza na "labda"

Jioni nawafundisha Kiingereza vijana wa Kirumba, Mwanza, wengi wao wanauza dagaa soko la Mwaloni na huandikiana na wateja wa nje ya nchi. "If" huwa wanaidaka mapema. Kinachowatesa ni "unless".

Kamusi zinasema ni "isipokuwa". Si uongo, ila nani Mwaloni anaongea hivyo? Mimi nawaambia waanze na "labda" yetu, si ile ya kubahatisha, ile ya kuweka sharti: "Siji, labda unitumie nauli." I won't come unless you send me the fare. Au umeanika dagaa, mtu anakuuliza kama unawaanua. "Siwaanui sasa hivi, labda mvua inyeshe." Unless it rains. Jambo limeshaamuliwa, na kuna kitu kimoja tu cha kulitengua.

"Labda" hiyo inakulinda pia na kosa ninaloliona kila mara. Kichwani mtu ana "usipolipa", yenye ukanushi ndani yake, basi anaandika: "We will not load unless you don't pay." Mteja akiisoma jinsi ilivyo, mzigo utapakiwa asipolipa! Sema "unless you pay", kama unavyosema "labda ulipe", maana ukanushi umo tayari ndani ya "unless". Ukiitaka "don't", rudi kwenye "if": if you don't pay. Na usiweke "will" baada ya "unless", hata kama mvua yenyewe ni ya kesho.

Halafu kuna "mpaka". Sisi tunasema "Hatupakii mpaka ulipe", yameisha. Kiingereza kinakutaka uchague. "Until you pay" inaonyesha malipo unayatarajia, unayasubiri tu. "Unless you pay" inaacha uwezekano kwamba hayatakuja kabisa. Kwa mteja wa siku nyingi ningeandika "until" bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kwenye ujumbe haoni uso wako, na neno moja linaweza kumfanya ahisi humwamini. "Unless" mwekee yule asiyepokea simu.

Tena, si kila "if not" hugeuka "unless". "Nitashangaa asipokuja" ni I'll be surprised if he doesn't come, basi. Jaribu kutia "labda" hapo: "Nitashangaa, labda aje." Haikai, na "unless" nayo haikai.

Ukikuta "unless otherwise agreed" kwenye mkataba wa mzigo, usiiruke. Maana yake ni kwamba sharti lililoandikwa ndilo litakalotumika, labda mkubaliane vinginevyo. Kama mmeelewana kwa mdomo kuhusu nani analipia usafiri, mwombe mwenzako muyaandike kabla hujatia sahihi.