Bagamoyo kwenda na kurudi: nendeni wachache

Juzi Jumatatu nimepata ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Tabata. Kaandika hivi: "Dada shikamoo. Nimeona picha zako za magofu ya Kaole. Na sisi hapa kazini tunataka twende Bagamoyo siku moja na kurudi, tupo kama thelathini. Tukodi gari gani?"

Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikaona jibu linakuwa refu kuliko risala ya mahafali, nikasema ngoja nilete huku, maana najua hauko peke yako. Jibu fupi ni kwamba msikodi gari lolote, na thelathini msiende. Jibu refu linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Desemba ya mwaka juzi mimi ndiye niliyeandaa safari ya kikoba chetu. Tupo akina mama 41. Kila mwaka tukivunja kikoba tunakwenda ukumbini, tunakula pilau, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Mwaka ule nikasimama kwenye kikao nikasema, jamani, wengine tumezaliwa Dar, tunazeekea Dar, Bagamoyo ipo kilomita 70 hivi tu, wageni wanapanda ndege kuja kuiona, sisi tunaijua kwa kwenda msibani. Nikapigiwa makofi. Nikakabidhiwa kazi hapohapo. Sh 35,000 kila mtu, Coaster mbili, pilau kwenye hotipoti, na spika moja ya kukodi yenye ukubwa wa friji.

Kuondoka ilikuwa saa 12 asubuhi, Mbagala Rangi Tatu. Saa 12 tulikuwepo watu tisa, na madereva wawili nimewahesabu humo. Mmoja akapiga simu kwamba kitenge cha sare bado kipo kwa fundi. Mwingine alikuwa "nimeshafika hapo", kumbe ndiyo kwanza anabandika chai. Tumetoka saa 4 kasoro. Foleni ya Mwenge mnaijua. Tulipofika Boko Coaster ya mbele ikasimamishwa kwa mwendo kasi, faini Sh 30,000, na dereva anasema tuchange kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tunamharakisha. Tukachanga. Bagamoyo tumeingia saa 7 na nusu, na mtu akifika saa 7 na nusu na hotipoti ya pilau ipo mapajani, magofu yatasubiri.

Kaole tumefika saa 10. Mwongozaji alikuwa mzee mmoja mpole, peke yake, mbele ya wanawake 41. Waliomsikia ni watano waliosimama mbele. Ishirini walikuwa kwenye foleni ya choo. Waliobaki walikuwa wanapanga mstari mwingine wa kupiga picha kwenye kaburi lenye mnara, kila mtu na pozi lake, kila mtu "na mimi nipige". Dada mmoja, sitamtaja, akakalia kaburi lenyewe, mguu juu ya mguu. Mzee alinyamaza, akamwangalia, akasema taratibu: "Mama, huyo uliyemkalia ana wenyewe." Nilitamani ardhi ipasuke. Na mimi ndiye kiongozi wa msafara, nimevaa kofia imeandikwa Kiongozi.

Kurudi, pancha Bunju. Nyumbani saa 5 usiku.

Kesho yake kwenye kundi la simu: "Safari gani ile, tumelipa kwenda kuona mawe?" Mtunza hazina akaniomba risiti mbele ya watu, si mara moja, mara mbili. Risiti zote zilikuwepo, mpaka ya barafu ya Sh 2,000. Hakuna aliyesema samahani, wala hakuna aliyesema asante. Siandiki haya ili nionewe huruma. Sawa, kidogo ni kwa ajili hiyo.

Mwaka ukapita, sina cha kusimulia, nikakaa kimya na kofia yangu.

Sasa Jumamosi iliyopita nimekwenda tena. Safari hii nimelipa kiti kwenye safari ya kikundi kidogo: abiria saba, dereva, na kijana mwongozaji mzaliwa wa Bagamoyo. Sh 85,000, ndani yake viingilio na chakula cha mchana. Ndiyo, ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kikoba. Nilimeza mate kabla ya kutuma hiyo hela. Lakini nisikilize.

Saa 11 na robo alfajiri tulikuwa Feri, wote saba. Nimesema wote. Aliyechelewa alichelewa dakika nne na akaomba radhi. Tukaanza na ile barabara ya ufukweni iliyokuwa Ocean Road mpaka Obama alipokuja mwaka 2013 ikapewa jina lake. Pale kulikuwa bado giza, bahari unaisikia kabla ya kuiona. Tukapita hospitali ya saratani, jengo la Wajerumani lile, tukapanda Daraja la Tanzanite jua likichomoza. Mimi nimepita Tanzanite tangu lilipofunguliwa 2022 mara nisizoweza kuhesabu, siku zote nimebanwa dirishani nawaza kazi. Siku ile dereva alitembea polepole, kilomita moja ile ya daraja, maji yamepwa, wavuna pweza wapo chini kwenye miamba na fimbo zao, mmoja ameinama mkono wote upo ndani ya shimo. Gari lote kimya. Hamsini kwenye basi hawawezi kunyamaza hivyo, nakuapia.

Kitu kimoja niseme wazi kwa sababu mabango ya matangazo hayasemi. Hii barabara inaitwa ya pwani, lakini ukishaiacha Coco Beach bahari huioni tena mpaka ufike Bagamoyo. Unaona Kawe, Tegeta, Boko, Bunju, unavuka Mto Mpiji unaingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, mikorosho, minazi, miembe, na vibao vya viwanja vinauzwa. Viwanja vingi kuliko minazi. Bahari ipo mkono wa kulia muda wote, nyuma ya kuta za watu. Kwa hiyo kama unakwenda kwa ajili ya kuona mawimbi dirishani, utaumia. Ndiyo maana mwongozaji ni lazima. Kijana yule ndiye aliyetuambia misafara ya kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inamalizikia huku tunakokwenda, wapagazi na pembe za ndovu mabegani, watu na minyororo, safari ya miezi kwa miguu. Ukitazama mikorosho ukiwa na hilo kichwani, haichoshi.

Tukaanza Kaole, siyo mjini. Kijana alisema asubuhi jua halijawa kali na maji yapo chini, tutaona mikoko vizuri. Watu saba unaweza kuwabadilishia ratiba kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Arobaini huwezi kuwabadilishia hata meza.

Na mzee alikuwepo! Yuleyule. Sikujitambulisha. Nilivaa kofia nyingine.

Safari hii nikasikia. Kwamba msikiti ule wa kale ni wa karne ya 13, kibla chake bado kimesimama. Kwamba hapa palikuwa mji wenye bandari, meli zinakuja na pepo za kaskazi, mpaka matope na mikoko vikaziba maji, watu wakasogea Bagamoyo. Kwamba kile kisima kipo hatua chache kutoka maji ya chumvi na kinatoa maji baridi. Na ile minara ya makaburi ambayo wenzangu waliifanya ukuta wa studio, ina vishimo vya mviringo. Nilidhani vimechimbwa na wadudu. Mzee akasema humo mlikandikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, mapambo ya marehemu wenye uwezo. Nikaomba ruhusa nikaingiza vidole. Kishimo kina mdomo laini, na upana wake ni sawasawa na bakuli langu la mchuzi nyumbani. Nilikaa pale kama dakika tano hivi na hakuna aliyeniambia "sogea na mimi nipige".

Hii ndiyo tofauti yenyewe. Ndugu zangu, tuna tabia ya kudhani raha ni wingi wa watu. Harusi watu mia tano, ubarikio hema tatu, safari Coaster mbili. Tunakwenda mahali, tunajipiga picha sisi, tunarudi. Mahali penyewe hatukupaona. Tubadilike. Ondokeni mapema, nendeni wachache.

Mjini tukaenda Misheni, pale mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika 1868. Hapa ndipo nilipoguswa, na sikutarajia, mimi Mwislamu nimekwenda kuangalia kanisa. Livingstone, yule mmisionari Mskoti, alifariki Mei 1873 kule Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Watu wake, akina Chuma na Susi, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, moyo wakauzika chini ya mti, wakaubeba mwili kwa miguu miezi karibu tisa, mpaka ukalazwa Misheni Februari 1874. Kutoka hapo ukavushwa Zanzibar, ukapandishwa meli kwenda Uingereza. Kaka mmoja wa Kawe kwenye kikundi chetu akauliza, "Na hao waliobeba, walikuwepo mazishini?" Kijana akasema mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili, Chuma na Susi hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye, jeneza limeshafukiwa.

Nilicheka peke yangu, watu wakanishangaa. Miezi tisa unabeba maiti, siku ya shughuli hujaalikwa. Mimi nimelia kwa risiti ya barafu.

Kaka yule lakini ndiye kasoro pekee ya siku. Swali lake lilikuwa zuri, ila kuanzia Mapinga kwenda na kuanzia Mapinga kurudi alikuwa anatuuzia kiwanja. Kikundi kidogo kina hatari yake, mkipata mmoja wa namna hiyo hamna pa kukimbilia. Kaa kiti cha mbele.

Chakula tulikula jirani na mnada wa samaki, changu wa kukaanga na ugali, mikono mitupu. Kijana akatuhadithia mkasa wa Emin Pasha, gavana mzaliwa wa Ujerumani aliyekwama kusini mwa Sudan. Mpelelezi Stanley alimtoa huko bara, wakapita taabu zote, wakafika Bagamoyo Desemba 1889, Wajerumani wakawafanyia karamu, na usiku uleule wa karamu Emin akaanguka kutoka ghorofani, akakaribia kufa. Dada mmoja akapaliwa na ugali. Hadithi hizi haziandikwi kwenye vibao, anazo mtu, na mtu anazitoa anapoona mnamsikiliza. Tulipita Ngome Kongwe na Karavansarai, pale misafara ilipokuwa inapumzika, haraka kwa sababu jua lilikuwa la saa 8 na mimi viatu vilikuwa vinanibana, kwa hiyo hapo sina la kukuelezea zaidi ya kwamba vaa viatu vilivyolegea.

Saa 9 tukageuza. Saa 11 kasoro nilikuwa Mwenge nanunua mboga.

Sasa mdogo wangu wa Tabata. Najua na wewe kama mimi unataka kabla hujafika hamsini uwe umeimaliza pwani yetu yote, Tanga, Pangani, Kilwa, Mafia, Mikindani. Nani asiyetaka? Basi usianze kwa kuichoma. Hao thelathini wagawe, saba saba, kila kikundi Jumamosi yake. Watakaosema ni ghali waache, watakwenda ukumbini. Kabla ya kutuma hela uliza mambo haya: abiria ni wangapi kwa idadi kamili, viingilio vimo au havimo, mwongozaji anatoka nanyi au mnamkuta huko, na wakikosa watu wa kutosha hela inarudi lini. Akikujibu "usijali dada", jali. Uliza na maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, ukiona anakushangaa tafuta mwingine. Kitambulisho beba, kwa maana sisi wazawa tunalipa kiingilio chetu na siyo cha wageni. Kanga ya kujifunga beba, kuna makaburi. Spika acha nyumbani. Na mtoke mapema. Nimeshasema? Nasema tena. Saa 11 na robo ni saa 11 na robo.

Nilipopakia zile picha Jumamosi usiku, wa kwanza kuniandikia alikuwa mtunza hazina wetu. Salamu ndefu, watoto hawajambo, kisha: "Hivi shoga, ile ya Pangani mnayosema mwezi ujao, nafasi bei gani?"

Nikamjibu Jumapili mchana. Nikamwambia nafasi zipo saba, zimebaki mbili, hela inatangulizwa, na risiti nitamtumia mwenyewe hata kabla hajaiomba.