Amazon Kwenye Tangi, na Mchanga Wenu wa Pwani

*Nimenunua mmea wa Amazon mkubwa wa tangi la samaki, wiki ya pili majani yote yameoza. Nimeuziwa mbovu? (Bububu)*

Swali hili tena! Hukuuziwa mbovu. Echinodorus, ndilo jina la kitaalamu la mmea huo, kwao ni vinamasi vya Amerika Kusini, maji hupanda na kushuka, na wakulima wengi huuotesha majani yakiwa nje ya maji. Ukiuzamisha, majani yale hufa, yakaja mengine yanayoweza kuishi ndani. Kata yaliyooza, mizizi usiiguse. Moyo wake, pale majani yanapochipukia, ubaki juu ya mchanga. Wanaong'oa kila mara kutazama kama umeshika ndio hao hao wanaoniandikia.

*Mchanga wa ufukweni niuoshe mara ngapi? (Jambiani)*

Hata ukiuosha mwaka mzima, haufai. Mchanga mweupe wa pwani yenu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu. Utilie siki uone unavyotoa povu. Ndani ya tangi unayeyuka kidogo kidogo, maji yanazidi ugumu, pH inapanda (yaani maji yanapungua uasidi), na chuma kinakuwa tabu kwa mmea kukipata. Na maji ya visima vyetu vingi vya Unguja yameshapita kwenye jiwe la matumbawe, wewe unaongeza! Tumia changarawe isiyotoa povu kwa siki, kina cha sentimita 7 hivi. Na hayo makombe mnayoyapanga kwa urembo yatoeni. Tangi la maji baridi si bahari.

*Majani mapya manjano, mishipa kijani. Niongeze taa? (Wete)*

Usiongeze. Umekosa chuma. Amazon hula sana kwa mizizi, basi fukia vidonge vya mbolea ya mimea ya majini karibu nayo. Taa kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku yatosha; ukizidisha utavuna utando wa kijani kwenye kioo. Samadi usiitie kabisa, itaua samaki.

*Lazima mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi kwa mmea?*

Si lazima.

*Utakaa kwenye chupa ya lita 5?*

Mmea wa nusu mita? Hapana.

*Nimechota yungiyungi na tope lake bwawani, limekuja na konokono wadogo. Niwaache wasafishe kioo? (Konde)*

Toa vyote leo. Kichocho cha mkojo Unguja na Pemba kinapitia konokono wa maji baridi, wa mabwawani, vijitoni na kwenye mabonde ya mpunga. Vijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Kwa macho huwezi kumjua konokono mwenye navyo. Vaa glavu ndefu, maji yamwage kwenye ardhi kavu mbali na kisima, watoto wakae mbali. Mkojo ukiwa na damu, nenda kituo cha afya. Dawa ipo, praziquantel.

*Amazon wangu umejaa tangi zima. Niutie bonde la Cheju? (Mwera)*

Usithubutu! Magugu maji yaliyolisonga Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni huko huko Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Sisemi Amazon itafanya vile, nasema bonde la mpunga si pahala pa kujaribia. Kata majani ya nje yaliyozeeka. Vitoto vinavyoota kwenye bua la maua vikishatoa mizizi, wagawie wenzio. Kinachobaki kianike juani kikauke kabisa, ndipo ukitupe.