Maswali na Majibu: Kiti cha Jaji Kinapoachwa Kitupu

Barua zimekuwa nyingi tangu nilipogusia namna Seneti ya Marekani inavyoweza kumweka mteule wa ujaji kiporo mpaka achoke mwenyewe. Nimechagua sita. Baadhi mliuliza jambo lile lile, nimewajibu pamoja.

Msomaji wa Kigoma: Kama walio wengi hawamtaki mteule wa rais, si wapige kura wamkatae, yaishe?

Hapo umegusa penyewe. Katiba ya Marekani inasema rais atateua majaji wa shirikisho kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Haisemi ridhaa hiyo itolewe lini, wala hailazimishi kura kupigwa. Kumkataa mtu hadharani kuna gharama: jina la seneta linaitwa, anajibu "hapana" watu wakisikia, na kesho wapiga kura wake wanataka maelezo. Mwaka 1987 Robert Bork, mteule wa Mahakama ya Juu, alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42. Waliomtaka waliumia sana, lakini alihojiwa kwa siku kadhaa mbele ya kamera, akasikilizwa, akapigiwa kura.

Merrick Garland hakuhojiwa hata dakika moja. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki Februari 2016, Rais Obama akamteua Garland Machi 16, na Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan waliokuwa wengi Seneti, akasema kiti kimngoje rais mpya. Siku 293 zilipita bila kikao cha kamati wala kura, hadi uteuzi ukafa wenyewe Januari 2017. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020, chama kile kile kilimwidhinisha Amy Coney Barrett, mteule wa Rais Trump wa chama hicho hicho, siku nane tu kabla ya uchaguzi. Kura walikuwa nazo na sheria hawakuvunja. Kinachoniuma mimi ni kwamba Garland alinyimwa hata hilo "hapana".

Msomaji wa Tanga: Hiyo karatasi ya buluu ni kitu gani? Ni kweli seneta mmoja anaweza kumkwamisha jaji?

Ni kweli, na ni karatasi hasa, ya rangi ya buluu. Jina la mteule likifika Kamati ya Sheria ya Seneti, kamati huituma kwa maseneta wawili wa jimbo ambako jaji atakaa. Seneta anaonyesha kama anaunga mkono au anapinga, anatia saini, anairudisha. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 100, na haumo kwenye Katiba. Zamani karatasi yenyewe ilieleza kwamba asiyejibu ndani ya wiki moja atahesabiwa hana kipingamizi. Kimya ni ridhaa, kama tusemavyo kwenye posa. Kuanzia miaka ya 1950 mambo yakapinduka. Karatasi isiporudi, mteule hasogei. Kimya kikawa kukataa, tena kukataa kusikodaiwa sababu.

Matokeo yake yatazameni North Carolina. Kiti kimoja cha mahakama ya wilaya ya mashariki (mahakama za wilaya kule ndiko kesi za shirikisho zinakoanzia) kilibaki wazi mwishoni mwa 2005, na hakikupata mtu mpaka Desemba 2019. Karibu miaka 14! Rais Bush alimteua Thomas Farr, uteuzi ukalala kamatini. Mwaka 2013 Obama akamteua Jennifer May-Parker, mwendesha mashtaka mweusi. Zaidi ya robo ya wakazi wa wilaya ile ni weusi, na ilikuwa haijawahi kuwa na jaji mweusi hata mmoja. Seneta Richard Burr hakuirudisha karatasi yake, ingawa mwaka 2009 alikuwa amempendekeza mama huyo yeye mwenyewe. Mwaka 2016 akateuliwa Patricia Timmons-Goodson, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Burr akampinga naye. Trump alimrudisha Farr, na mwaka 2018 aliyemwangusha alikuwa Mrepublikan mwenzao, Seneta Tim Scott, kwa sababu ya kazi ya Farr kama wakili wa kampeni ya Jesse Helms ya 1990, iliyotuhumiwa kuwatisha wapiga kura weusi kwa kadi za posta. Farr alikana kuhusika na kadi hizo. Mwishowe alipita Richard Myers kwa kura 68 dhidi ya 21.

Ona tofauti. Scott alisema wazi kwamba hamtaki mteule huyo na akatoa sababu, naye aliyekuwa na hasira alijua pa kuipeleka. May-Parker alipewa kimya. Tangu 2018 karatasi hiyo haizuii tena wateule wa mahakama za rufaa, ila kwa mahakama za wilaya bado ina nguvu yake.

Msomaji wa Columbus, Ohio: Kesi yangu ya uhamiaji imesogezwa mbele mara tatu. Ni kwa sababu ya huo mvutano?

Pole sana, dada yangu. Si moja kwa moja. Majaji wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Sheria na huteuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali; hawapiti Seneti kabisa. Ila ukishindwa hapo, na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ikakukatalia, hatua inayofuata ni mahakama ya rufaa ya shirikisho, na hao wa huko wote wamepita Seneti. Kwa hiyo mvutano unaweza kukufikia mwishoni.

Wanaoumia mapema zaidi ni wenye kesi za madai. Sheria ya mwaka 1974 inataka kesi ya jinai ya shirikisho ianze kusikilizwa ndani ya siku 70, ukiacha siku ambazo sheria yenyewe inaruhusu zisihesabiwe. Jaji akiwa mmoja mahali pa wawili, jinai inatangulia na madai yanasubiri. Niliwahi kumkalimania mama mmoja kutoka Kongo aliyekuwa akimdai mwajiri wake mishahara. Alikuja na mfuko wa nailoni wenye bahasha nne za mahakama, kila moja na tarehe mpya, akazipanga mezani kwa mpangilio kama mtu anayehesabu karata. Karani alimweleza kwa upole kwamba jaji yuko kwenye kesi ya jinai. Mama akaniuliza, "Mwambie, na mimi nile nini hadi hapo?" Nilitafsiri kama alivyosema. Karani aliinamisha macho.

Msomaji wa Dar es Salaam: Chama gani kilianza?

Kila upande una mwaka wake wa kuanzia hesabu. Mwaka 1968 muungano wa Warepublikan na Wademokrat wa kusini ulimzuia Abe Fortas asiwe Jaji Mkuu, kwa filibasta, yaani kuzungumza bila kikomo ili kura isipigwe. Mwaka 2003 Wademokrat walimzuia Miguel Estrada, mzaliwa wa Honduras, hivyo hivyo. Kura saba za kufunga mjadala zilishindwa, akajitoa. Novemba ile Warepublikan walilalamika kwa kikao cha karibu saa 40 mfululizo, vitanda vya kukunja vikaingizwa bungeni. Obama alipokuja, Warepublikan wakashika silaha ile ile. Mwaka 2013 Wademokrat wakaondoa sharti la kura 60 za kufunga mjadala kwa majaji wa ngazi za chini, na 2017 Warepublikan wakaliondoa kwa Mahakama ya Juu. Atakayekwambia upande wake una mikono safi, muulize kuhusu mwaka mwingine.

Sasa wingi wa kawaida unatosha, na hilo nalo lina bei yake. Scalia alipita kwa kura 98 kwa 0 mwaka 1986, Ginsburg kwa 96 dhidi ya 3 mwaka 1993. Barrett alipata 52 dhidi ya 48, Ketanji Brown Jackson 53 dhidi ya 47.

Msomaji wa Nakuru: Kwetu Kenya kuna Tume ya Huduma za Mahakama. Mambo haya hayawezi kutupata, au sivyo?

Yalishawapata, ila mlango ulikuwa mwingine. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majina 41 ya majaji, Rais Uhuru Kenyatta akayakalia. Mwaka 2021, mmoja wao akiwa ameshafariki, aliwateua 34 na kuwaacha sita, ingawa mahakama ilikuwa imeamua kwamba hana mamlaka ya kuchagua nani wa kumwacha. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia. Kwenu aliyekaa kimya alikuwa mmoja, na kila Mkenya alijua ni nani. Kwenye kamati ya Seneti ni vigumu zaidi kumwona.

Msomaji wa Zanzibar: Kuna aliyezuiwa hivyo halafu akafika?

Wapo. Mwaka 1992 Bush baba alimteua wakili kijana kwenye Mahakama ya Rufaa ya Washington. Seneti ya Wademokrat haikumpigia kura. Mwaka 1999 Clinton alimteua mwanasheria mwingine kwenye mahakama hiyo hiyo. Seneti ya Warepublikan haikumpa hata kikao. Wa kwanza ni John Roberts, Jaji Mkuu tangu 2005. Wa pili ni Elena Kagan, aliyeingia Mahakama ya Juu mwaka 2010. Wanakaa meza moja.