Ukitaka kuwajua kopepodi wa Tanganyika, nenda usiku

Mdogo wangu, umeniandikia kuniuliza uanzie wapi kuwasoma kopepodi, vidudu wadogo wa majini wanaoliwa na dagaa. Mara ya kwanza kuvuta wavu wa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, mbele ya mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, nilienda saa nne asubuhi, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Nilivuta mara tatu kutoka mita 20. Niliporudi nchi kavu nikamimina maji ya wavu kwenye sahani nyeupe, nikainama na kioo cha kukuzia. Vidudu vichache tu, wa kuhesabika kwa vidole. Nikaenda nyumbani nikiamini wavu umetoboka.

Aliyenifungua macho ni mzee aliyekuwa akishona nyavu pale mwaloni. Aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu, natafuta vidudu wanaoliwa na dagaa.

"Sasa mwanangu, dagaa wenyewe mchana unawaona wapi? Wako chini, na chakula chao kiko chini. Njoo na sisi saa tano usiku."

Nilikwenda na kipe chao, yaani kikosi chao cha kuvua dagaa kwa taa. Nilipovuta wavu uleule, kina kilekile, maji yalitoka mazito kama uji wa mtoto, yanachezacheza. Mzee hakuwahi kushika hadubini maishani, lakini alikuwa ameeleza kwa sentensi mbili jambo ambalo vitabu hulieleza kwa sura nzima: mchana kopepodi hushuka gizani kukwepa macho ya samaki, usiku hupanda kula mwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni iko tabaka la juu tu, kama mita 100 upande wetu wa kaskazini na kama 200 kule kusini. Safari yao yote ya kupanda na kushuka hufanyika katika ghorofa hiyo moja. Dagaa huwafuata, mgebuka, samaki mkubwa anayewala, huwafuata dagaa, na sisi tunawafuata wote kwa taa.

Kwa hiyo mdogo wangu, nakujibu: anza na wavuvi, kisha vitabu. Uliza wanatoka lini. Mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika, wakati wa giza ndio kazi. Panga ratiba yako juu ya ratiba yao.

Kopepodi ni ndugu wa mbali wa kamba na kaa, wengi wao hawafiki hata milimita 2. Jina lao ni la Kigiriki, maana yake miguu ya makasia, na ukimwona mmoja akiogelea hutauliza kwa nini. Duniani zimeshatajwa aina zaidi ya 10,000. Cha ajabu, maji ya katikati ya ziwa letu yametawaliwa na wachache sana: Tropodiaptomus simplex, Mesocyclops aequatorialis na Tropocyclops tenellus. Viroboto-maji, vidudu wengine wadogo ambao kwenye maziwa mengine hujaa tele, huku katikati huwapati. Wa kwanza na wa tatu walipewa majina na mwanasayansi Mnorwei G. O. Sars mwaka 1909, kutokana na sampuli zilizokusanywa na mtafiti William Cunnington aliyekuja hapa 1904 hadi 1905. Hadi leo tunatumia majina yale ya pili, simplex na tenellus.

Wingi wa aina uko pembeni: kwenye mchanga, kwenye mawe yenye mwani, hata kwenye mashavu ya samaki ambako wengine wamejishikiza kama kupe. Usidharau ufukwe. Chota mchanga mkono mmoja, ukoroge kwenye ndoo, mimina maji ya juu kwenye kitambaa. Hapo utakutana na harpaktikoidi, kundi jingine la kopepodi, wembamba kama minyoo yenye miguu.

Wavu si lazima ununue wa bei mbaya. Nailoni ile wanayotumia wachapaji wa fulana, yenye matundu madogo sana, hushonwa ikawa wavu mzuri. Mimi nilianza na huo.

Kinachohitaji umakini ni chupa. Niliharibu kazi ya usiku sita kwa sababu niliandika namba kwa kalamu ya rangi nje ya vichupa. Spiriti ya kuhifadhia vidudu ilivuja kidogo, ikafuta kila kitu, nikabaki na vichupa visivyo na tarehe wala mahali. Nililia, sisemi uongo. Andika kwa penseli, kwenye kikaratasi kigumu, kitumbukize ndani. Na spiriti ibadilishe kesho yake, kwa sababu maji ya sampuli yameshaipunguza nguvu.

Kutofautisha makundi makubwa ni rahisi. Kalanoidi ana papasi, zile pembe za kupapasia kichwani, ndefu karibu sawa na mwili, na jike kwa kawaida hubeba mfuko mmoja wa mayai. Siklopoidi papasi zake ni fupi, na jike ana mifuko miwili, mmoja kila upande, kama mama aliyetoka sokoni. Kujua aina yenyewe ndiko kugumu, maana unatafuta mguu wa tano, ambao ni mdogo kuliko nukta hii. Utautoa kwa sindano mbili nyembamba zilizochomekwa kwenye vijiti, juu ya tone la gliserini. Utaukata vibaya mara kumi. Chora kila uliochomoka mzima, hata kama huchori vizuri, kwa sababu jicho hujifunza pale mkono unapolazimika kuhesabu vinywele. Usipoteze muda na watoto: hupita hatua sita za naupli, yaani uchanga, na tano za ujana kabla ya kukomaa, na wengi wa hatua hizo hawana alama ya kukusaidia.

Nawe unayesoma haya ukiwa Tabora, usiseme huna ziwa. Una Bwawa la Igombe, na una madimbwi yanayokauka kila kiangazi. Chukua udongo mkavu wa dimbwi, uweke kwenye beseni, mimina maji safi yasiyo na dawa, subiri siku kadhaa huku ukimulika tochi usiku. Aina nyingine huacha mayai yanayostahimili ukavu. Ukiona kitu kinarukaruka ndani ya maji uliyoyamimina mwenyewe, utanikumbuka.

Mama yangu ameanika dagaa tangu sijazaliwa. Mwaka jana nilipasua tumbo la dagaa mmoja mbichi, nikaweka kilichokuwamo chini ya hadubini, nikamwita. Papasi zilikuwa bado nzima, na jike mmoja alikuwa na mayai yake. Mama aliangalia kimya, kisha akaniuliza kama naweza kupasua na dagaa wa mwalo wa Katonga aone kama wanakula hao hao.